Robot ya Pili

Mchezo ule Léocadie aliutunga mwenyewe, kwa kichwa chake, na mpaka leo hajapata mtu mwingine wa kumlaumu. Aliutunga akiwa amekaa kwenye cherehani yake kando ya Jules Street, kule Malvern, pini nne mdomoni, mjukuu wake Gaëlle akichezea vipande vya kitambaa chini ya meza.

Gaëlle alikuwa na miaka sita. Alizaliwa hapa hapa Johannesburg, na tangu uchanga pumu ilimkalia kifuani kama paka asiyetaka kufukuzwa. Mama yake, Joséline, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Baba alikwenda Durban kutafuta kazi na Durban ikammeza. Wakabaki wawili: bibi aliyekuja kwa basi kutoka Uvira, ambaye mtaani bado walimwita Mama Joséline, na mtoto aliyekimwaga Kizulu shuleni, Kiswahili nyumbani, na kumwita bibi yake Koko kama watoto wote wa kwao.

Shida ilikuwa zahanati. Mwaka ule vijana wenye fulana za rangi moja walianza kusimama langoni kila asubuhi wakidai vitambulisho. Mgeni hapiti. Gaëlle na sare yake ya shule, akijipenyeza kati ya akina mama wa Kizulu, angepita bila kuulizwa jina. Gaëlle akiwa ameshika mkono wa Léocadie, hawapiti wote wawili, na dawa ya kifua inabaki ndani.

"Njoo hapa," Léocadie alimwambia, akatema pini kiganjani. "Tuna mchezo. Ukiona Koko amekivuta kitenge kutoka mabegani akajifunika kichwa, hivi, basi mimi si Koko tena. Hunijui."

"Wewe ni nani basi?"

"Mwanamke tu wa njiani."

"Wakiniuliza?"

"Unasema humjui. Kwa Kizulu. Hulii, hukimbii, hugeuki nyuma. Unatembea mbele mpaka robot ya pili, unasimama hapo, unanipa mgongo na kunisubiri."

Robot, katika mji huu, ni taa za barabarani, zile za nyekundu na kijani. Gaëlle alizipenda kwa sababu Koko alikuwa amemtegea kitendawili juu yazo: ndugu watatu wamesimama njia panda, mmoja akikonyeza, hata teksi zinatulia. Siku ile mtoto alicheka mpaka akakohoa. "Uongo, Koko! Teksi hazitulii!"

Sasa hakucheka. Alikuwa anafikiri. "Na ukifunua kichwa?"

"Hata nikifunua. Upepo unaweza kunifunua, mtu anaweza kunivua. Usinijue mpaka usikie nimesema nini?"

Mtoto akatabasamu, mapengo mawili mbele. "Kitendawili!"

"Na wewe?"

"Tega!"

"Hapo ndipo unanijua tena. Kabla ya hapo, hata nikilia, hunijui."

Waliufanyia mazoezi chumbani, kati ya kitanda na jiko, mpaka Tabia, msusi wa Ujiji aliyekuwa na kiti chake jirani na cherehani, akasema, "Ninyi mmeanza sinema sasa." Kwenye zahanati mchezo ulifaa mara tatu. Dawa ilitoka.

Mara ya nne haikuwa zahanati. Ilikuwa Jumanne, mchana kweupe, maandamano yaliposhuka Jules Street kutoka upande wa mjini, watu wamebeba fimbo na mabango, wakiimba wageni warudi kwao. Maduka yakafungwa moja baada ya jingine, mabati yakishuka kwa kishindo kama meno yanayogongana. Léocadie na Gaëlle walikuwa katikati ya barabara, wanatoka kununua vifungo. Nyuma hakuna pa kurudi. Léocadie akavuta kitenge.

Ule mkono mdogo ukatoka mkononi mwake papo hapo. Gaëlle akatembea mbele, begi lake mgongoni, moja kwa moja kuelekea wanaume wale. Mmoja akainama, akamwonyesha Léocadie kwa ncha ya fimbo, akamwuliza kama ni mama yake yule.

"Angimazi," Gaëlle alisema. Simjui.

Yule mwanaume akampapasa kichwa, akampa pipi, akampisha. Léocadie alijibanza kwenye uchochoro wa fundi wa matairi mpaka kelele zilipopita. Alipofika robot ya pili, alimkuta mtoto amesimama, amempa mgongo, pipi imeyeyuka ngumini kwa joto la mkono. Watu wanavuka na kurudi, yeye hajageuka.

"Kitendawili," Léocadie alisema.

"Tega!" Akamrukia kiunoni. "Nilicheza vizuri, Koko?"

"Ulicheza vizuri mno."

Na kweli alicheza vizuri. Usiku wa siku hiyo Léocadie alipokuwa akimsuka nywele za uzi, neno lile lilimrudia: Angimazi. Halikutetemeka hata kidogo. Alihisi ubaridi shingoni kama kwamba mtu amefungua mlango nyuma yake, lakini mlango ulikuwa umefungwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeufunga.

*

Miezi minne baadaye presha ilimwangusha juu ya cherehani. Alikaa hospitali majuma matatu, la kwanza asijue hata jina lake. Tabia alimchukua Gaëlle siku mbili, lakini hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha huyu mtoto ni nani kwake. Shule ikaita ustawi wa jamii, ustawi wakaja na gari.

Léocadie alipotoka, chumba kilikuwa kimefagiwa na kiatu kimoja cha shule kiko chini ya kitanda. Mtoto alikuwa Randburg, upande wa kaskazini, kwa mwalimu mmoja mjane asiye na mtoto, jina lake Nokuthula.

"Yuko salama, Gogo," alisema Bi Maseko, ofisa wa ustawi, mwanamke mwenye sauti laini na faili nene, akimwita bibi kwa Kizulu. "Anakula vizuri. Ana chumba chake."

"Lini anarudi?"

"Tunaangalia kwanza faida ya mtoto."

Kuangalia huko kulichukua miaka miwili. Karatasi za Léocadie zilikuwa zimeisha muda, akapanga foleni kuzifanya upya. Zilipopatikana, wakauliza kwa nini yeye, marehemu binti yake na mjukuu hawana jina hata moja la pamoja. Aliwaeleza kwamba kwao kila mtoto huja na jina lake, halirithi la mtu. Waliandika. Hatimaye walikubali kwamba damu ni moja. Lakini damu, Bi Maseko alimweleza, siyo swali tena. Swali ni kama mtoto bado ana mapenzi naye.

Na hayo mapenzi yalipimwa ofisini kwa Bi Maseko, saa moja kila miezi mitatu, kwenye meza yenye midoli isiyo ya mtu. Sheria ya chumba ilikuwa Kiingereza, ili Bi Maseko aweze kuandika kinachosemwa. Sasa Kiingereza cha Léocadie kilikuwa cha cherehani: kiuno, mkono, urefu, uje kesho. Akabaki kumwuliza mtoto wa binti yake kama mteja. Shule nzuri? Chakula kizuri? Viatu vinabana?

Gaëlle alijibu, "Yes, Gogo," kwa adabu, mikono mapajani. Nywele zilikuwa zimenyolewa chini, safi, kama za watoto wote wa shule ile. Pumu haikusikika tena, na Léocadie alimshukuru Mungu kwa hilo kwa moyo wote, huku moyo huohuo ukimuuma. Safari moja Nokuthula alichungulia mlangoni kumchukua, akaita, "Thandeka!" Léocadie aligeuka kumtafuta huyo Thandeka ni nani. Mtoto alikuwa ameshasimama.

"Ni jina la mapenzi tu, Gogo," Nokuthula alisema, akiona haya. "Lile la Kifaransa lilikuwa linawashinda shuleni." Hakuwa mtu mbaya. Alikuja na keki aliyooka mwenyewe, akampa Léocadie kipande kwenye karatasi. Léocadie alikibeba mpaka Malvern na hakuweza kukila wala kukitupa.

Ziara ya mwisho kabla ya mahakama, simu ya Bi Maseko ililia, akatoka nje kidogo. Mlango ukabaki nusu wazi. Léocadie akainama.

"Kitendawili."

Gaëlle aliangalia mlango kwanza. Kisha, chini kwa chini, "Tega."

Loo! Léocadie alishika ukingo wa meza. "Ana jicho moja na mkia mrefu. Akipita, mlango unajifunga nyuma yake."

Mtoto alijua. Usoni ilionekana anajua. Vidole vyake viwili vilishikana vikapanda na kushuka hewani, vikishona. Lakini neno halikuja. Alilitafuta, midomo ikicheza, akatikisa kichwa.

"Umeshindwa? Basi nipe mji."

Hiyo ndiyo ada: anayeshindwa kitendawili humpa mwenzake mji, na mwenzake huenda huko kwa maneno, akasimulia alivyopokelewa na alivyokula, halafu ndipo afumbue. Zamani Gaëlle alitoa Uvira kila mara, mji asioujua, kwa sababu alipenda kusikia Koko anavyokula samaki wa kule.

"Nakupa Randburg," alisema.

"Randburg nitaendaje? Sina mwenyeji huko."

Mtoto alimkazia macho. "Mimi niko huko," alisema, kwa Kiswahili, kila neno peke yake kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

"Mnanong'ona nini?" Bi Maseko alikuwa mlangoni. Gaëlle akarudisha mikono mapajani. "Gogo, tulikubaliana. Siwezi kuandika maneno ya siri." Na bado akaandika kitu, mstari mrefu.

*

Mahakama ya watoto iliwaita mwezi wa Julai, baridi ya kukata masikio. Asubuhi hiyo Tabia alimfunga Léocadie kilemba cha hariri, akakibana kwa pini sita.

"Usiende kichwa wazi kama muuza karanga," alisema. "Pale ni mbele ya serikali. Wakuone mtu mzima."

"Nikitetemeka tu, watadhani ni presha."

"Utarudi naye. Nimeshaweka kiti, nitamsuka bure."

Théodore alimsubiri kwenye ngazi za mahakama, mwanaume wa Bukavu mwenye tai pana, mkalimani wa siku nyingi. Alimpokea begi kama angempokea mama yake.

"Mama Joséline, ni rahisi. Hakimu atamwuliza mtoto mbele yako kama anakujua, na kama anataka kurudi kwako. Akisema ndiyo, leo hiihii unaondoka naye. Ustawi wenyewe wamechoka na faili hili."

"Na akisema hapana?"

"Atasemaje hapana?"

Mlangoni kulikuwa na mashine ya ukaguzi. Léocadie akapita, ikalia. Akarudi, akapita, ikalia tena. Mlinzi, kijana mwenye sare mpya, akaonyesha kichwa. "Toa hiyo."

"Ni pini, mwanangu. Pini tu."

"Toa."

Kilemba kikafunguliwa mbele ya foleni nzima, pini sita zikawekwa kwenye sahani ya plastiki, na hariri ikabaki mezani ikingoja atoke. Léocadie akaingia na mvi zake nje. Katika maisha yake yote hakuwa amesimama mbele ya mkubwa wa serikali namna ile. Alijiona kama aliyeamshwa kitandani. Chumba cha hakimu kilikuwa baridi, bendera kona moja, na mlinzi mwingine mwenye sare mlangoni. Hakimu, mwanamke mzito mwenye miwani, alikuwa bado anasoma.

Basi Léocadie akafanya kile ambacho mama yeyote wa kwao angefanya ili ampe mkubwa heshima yake. Alikishika kitenge kilichokuwa mabegani, akakivuta juu, akajifunika kichwa.

Mlango wa pembeni ukafunguka, Gaëlle akaingia.

Alikuwa amerefuka. Sweta la shule, soksi mpaka magotini. Bi Maseko alimwekea kiti katikati, na mtoto akakaa, akainua macho, akatazama chumba. Alimtazama mlinzi, akatazama karatasi zote zile mezani. Halafu akamtazama Koko wake, na Léocadie aliyaona macho yake yakipanda polepole kutoka usoni mpaka kwenye ukingo wa kitenge, yakatua hapo.

Ndipo Léocadie alipokumbuka.

Mkono uliruka wenyewe kukivuta chini. Lakini upepo unaweza kukufunua. Mtu anaweza kukuvua. Yeye ndiye aliyesema.

Hakimu aliuliza kwa Kizulu, taratibu, kama mtu anayemwita ndege kiganjani. Théodore alitafsiri kwa kunong'ona, "Anamwuliza kama anakujua." Alikuwa anatabasamu.

Gaëlle alinyoosha mgongo. "Angimazi."

Tabasamu la Théodore likabaki pale lilipokuwa, limesahauliwa. Hakimu akauliza tena, kwa Kiingereza, na mtoto akajibu tena, kwa Kiingereza, sauti wazi, bila machozi, bila kugeuka. Hamjui mwanamke huyu.

"Gaëlle!" Léocadie alisimama. "Hapana, hapana, mama yangu. Si leo. Mchezo umekwisha!"

Mtoto alimtazama kama anavyotazamwa mwanamke tu wa njiani.

"Akae," alisema hakimu.

"Théodore, mwambie! Mwambie nilimfundisha mimi. Mwambie ni kitenge. Nikijifunika anatakiwa kunikana, ni mimi niliyemfundisha, kwa ajili ya wale wa zahanati."

Théodore akamgeukia hakimu. Alitafsiri, na Léocadie, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kiuno na mikono, alisikia sentensi zake zikitoka mdomoni mwa yule mkalimani zikiwa ndogo na chafu. Hakimu alivua miwani.

"Anauliza," Théodore alisema bila kumtazama, "kama ni kweli ulimfundisha mtoto kudanganya watu wanaomwuliza maswali."

"Siyo watu! Wale! Wenye fimbo!"

"Anauliza, kama umemfundisha kudanganya vizuri hivi, yeye atajuaje ni lini mtoto anasema kweli."

Bi Maseko alikuwa amefungua faili. Alisoma mstari mmoja, ule mrefu. Théodore akaufikisha: kwamba ofisini pia kulikuwa na maneno ya siri, na kwamba mtoto huangalia mlango kabla ya kuyajibu, kama mtu mwenye hofu.

"Neno moja," Léocadie alisema. Alikuwa ameunganisha mikono. "Mwombe aniruhusu neno moja tu nimwambie mtoto. Moja. Atanijua saa hiyohiyo, wote mtaona."

Théodore aliomba, na Léocadie aliona kwamba aliomba kwa nguvu zake zote, hata tai ilipinda. Hakimu akatikisa kichwa. Hakuna ishara za siri mbele yake. Mtoto atolewe kwanza.

"Kiten—" Léocadie alianza, na mkono wa mlinzi ukamshika begani, mzito, na mlango wa pembeni ukajifunga nyuma ya sweta la shule.

Amri haikuwa ndefu. Mtoto abaki Randburg. Mikutano yote isimamishwe, na bibi asimkaribie nyumbani wala shuleni. Jambo litazamwe upya baada ya miaka miwili. Léocadie alihesabu kwa vidole kama mtoto: atakuwa na kumi.

*

Nje jua lilikuwa kali na halina joto. Nokuthula alikuwa kwenye ngazi, anazungumza na Bi Maseko, anafuta macho kwa kitambaa, kwa sababu naye alikuwa na moyo. Gaëlle alikuwa amesimama kando yao. Halafu hakuwepo.

Léocadie ndiye aliyemwona wa kwanza. Mtoto alikuwa anatembea chini kando ya barabara, hakimbii, mikono imelala ubavuni. Alipita robot ya kwanza. Alipita muuza magazeti na mwanamke wa mahindi ya kuchoma. Kwenye robot ya pili akasimama, akawapa watu wote mgongo, akatulia.

Alikuwa anamsubiri.

"Oh Mungu wangu," Léocadie alisema. "Théodore, ananisubiri!"

Akashuka ngazi mbili mbili kwa miguu ile iliyokataa hata kupanda gorofa. Théodore akamfuata, akamshika mkono. "Mama, usimguse! Ukimgusa sasa watasema umemteka. Utalala ndani, na mtoto hutamwona tena milele."

"Simgusi! Nasema tu. Niachie, nasema tu!"

Lakini Nokuthula alikuwa ameona naye, na alichokiona yeye ni mtoto peke yake ukingoni mwa barabara ya magari. Akapiga yowe, "Thandeka!" akavua viatu, akakimbia. Mtoto hakugeuka. Jina hilo halikuwa neno alilokuwa analisubiri.

"Kitendawili!" Léocadie aliita kutoka robot ya kwanza. "Gaëlle! Kitendawili!"

Taa ilikuwa nyekundu. Ndugu mwekundu amekonyeza, na teksi hazikutulia. Zilipita tatu kwa mpigo, honi moja ndefu juu ya nyingine, na neno lake likaishia kwenye matairi. Aliita tena. Nokuthula alikuwa amefika, amepiga magoti, amemkumbatia mtoto kwa nguvu, anamtikisa, anambusu. Akambeba, mkubwa vile, mpaka kwenye gari lake lililoegeshwa jirani.

Gari lile lilikuja upande wao. Lilisimama kwenye robot ya kwanza, karibu sana, madirisha yamefungwa kwa baridi. Léocadie alikuwa amekitupa kitenge chini, kichwa wazi, mvi wazi, mdomo wazi unaita. Nyuma ya kioo uso wa Gaëlle uligeuka kumtazama. Ulimtazama sawasawa, bila chuki na bila pupa. Simjui, ulisema uso ule. Na chini ya dirisha, ambapo mtu mwingine asingeona, vidole vya mtoto vilikuwa vimeufinya mkanda wa gari mpaka vikabadilika rangi, kama ngumi ile ya pipi.

Taa ikageuka kijani.

Léocadie alibaki amesimama. Sasa alielewa jambo lote, na lilikuwa baya kuliko kusahauliwa. Mtoto hakusahau kitu. Alikuwa ndani ya mchezo bado, na angebaki humo kesho na kesho kutwa, akimkana vizuri, akisubiri, mpaka asikie neno ambalo Koko wake amekatazwa kulisema. Na siku moja atachoka kusubiri, na lile la kuigiza litakuwa la kweli.

Théodore aliokota kitenge, akakikung'uta vumbi. Akasimama karibu naye, mtu mzima na tai yake iliyopinda.

"Kitendawili," Léocadie alisema. Hakumtazama.

Kule kwao hakuna anayeliacha neno hilo bila jibu. "Tega, Mama."

"Nilimficha mbele za watu, wabaya wasimwone. Wabaya wamepita, na mimi simwoni."

Théodore alijua jibu. Aliligeuza mdomoni, na hakuweza kulitoa. "Nimeshindwa," akasema.

"Basi nipe mji."

Alifikiri kumpa Uvira, ziwa na samaki wake, amfariji. Lakini mwanamke yule alikuwa anaangalia upande mmoja tu, kule gari lilikopotelea, na kwa namna alivyokuwa ameinamisha kichwa alikuwa kama anahesabu.

"Nakupa Randburg," Théodore alisema, na palepale akatamani kulirudisha neno.

Léocadie alichukua kitenge mkononi mwake. Hakujifunika. Alikikunja mara mbili, akakiweka kwapani.

"Nimekwenda Randburg," akaanza, kama ada inavyotaka. "Nina mwenyeji huko. Nimepita robot ya kwanza."

"Mama, hapana. Amri imesema—"

"Nimepita robot ya kwanza," akarudia, na mguu wake ulikuwa umeshashuka barabarani.